Kamati ya Kuiheshimu Hukumu

Mimi, Jaffar, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wazanzibari wa Kilburn na Vitongoji Vyake, nina furaha kubwa kutangaza kuundwa kwa Kamati ya Kuiheshimu Hukumu. Kamati ina mjumbe mmoja, ambaye ni mimi, na ajenda moja: kuiheshimu hukumu ya mahakama pasi na kuilipa. Wenye choyo watasema. Na waseme.

Chanzo ni biriani. Nilipochaguliwa, nilimwagiza Bi Mwatima, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee na siku za mapumziko hupika kwa oda, alishe ukumbi mzima. Watu walikula mpaka wakafungua vifungo. Bei ilikuwa pauni mia tisa, nikamwahidi kumlipa baada ya tathmini. Tathmini ni jambo la kitaalamu, haliendi mbio. Yeye akakimbilia mahakama ya madai madogo! Siku ya kesi sikuweza kufika, nilikuwa nahutubia semina ya uadilifu. Akashinda.

Akaja mlangoni kwangu na hukumu mkononi.

"Mwenyekiti, jaji kasema unilipe."

"Hongera sana, Bi Mwatima! Jumuiya inajivunia mwanamke anayezijua haki zake."

"Hongera hainunui mchele. Wale kuku nilinunua kwa pesa ya kodi, na mwenye nyumba keshanipa notisi. Nitolewe nje kwa ajili ya sherehe yako?"

"Subira huvuta heri," nikamwambia, nikafunga mlango kwa upole.

Maskini, hakuujua utaratibu. Mahakama za hapa zinakwambia una haki, halafu zinakwenda zao nyumbani. Ukitaka haki hiyo igeuke pesa, unalipa ada nyingine ili mdaiwa wako apelekewe dalali wa mahakama. Bi Mwatima akalipa, kwa pesa ipi sijui, na dalali akaja: Mwingereza mpole mwenye mafua. Sheria haikumruhusu kuvunja mlango, kwa hiyo tulizungumza kupitia tundu la barua.

"Hili gari jeusi ni lako?"

"La mke wangu." Na kweli, nililiandikisha kwa jina lake, kwa sababu za kiufundi zinazohusu bima.

"Na televisheni ninayoisikia?"

"Ya mke wangu."

"Kochi?"

"Bwana wee, hata hizi ndara nimeazima kwake!"

Akaandika, akapiga chafya, akaondoka. Mke wangu Haifa alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Alisikia kila neno, akaendelea kugeuza sambusa zake. Nikaona ni utii.

Mwaka huu Mola akaniita Hija. Kwa ada yetu, msafiri huwaita watu nyumbani, akasomewa dua, akaomba radhi kwa kila aliyemkosea. Mie nikaita wengi zaidi, maana uchaguzi nao unakaribia. Sebule ikajaa hadi ngazini, shehe akaketi mbele na kitabu cha dua. Nikasimama na kanzu mpya.

"Jamaa zangu, kama yupo niliyemkosea, nakuombeni radhi."

"Tumekusamehe!" wakaitikia.

"Mie sijasamehe."

Alikuwa Bi Mwatima, kasimama mlangoni na sare yake ya kazi.

"Bi Mwatima, suala lako liko kwenye Kamati," nikamkumbusha.

"Na Hija yako iko kwangu. Haki ya mja, Mola haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe. Au nasema uongo, shehe?"

Shehe akafunga kitabu cha dua. "Mwenyekiti, dawa ya deni kulipa."

Watu wakaacha kutafuna. Aibu ikanishika, nasema kweli. Hapo Haifa akatoka jikoni na bahasha.

"Shoga, hii mia tisa yako, na hii ada ya dalali. Nisamehe kwa kuchelewa. Asubuhi nimeuza gari."

"Gari gani?" nikapiga ukelele.

"Langu. Si ulimwambia dalali?"

Bi Mwatima alilia palepale, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nimekusamehe, Mwenyekiti, duniani na akhera." Wanawake wakapiga vigelegele, ingawa si kwa ajili yangu.

"Alhamdulillahi," nikasema, "sasa sina anayenidai. Shehe, tuendelee."

"Unaye," akasema Haifa. "Mie hapa. Na sijasamehe."

Shehe hakukifungua tena kitabu.

Kwa hiyo natangaza kwamba Hija ya Mwenyekiti imeahirishwa kwa sababu za kiutawala, na kuanzia sasa Mwenyekiti anapatikana kwenye basi. Mdai mpya nimemshauri awasilishe madai yake mbele ya Kamati. Kacheka. Yule dalali hakuruhusiwa kuvunja mlango. Huyu ana ufunguo, na leo kapika biriani ya mtu mmoja.