Nilivyolifukia Korongo la Kata Yangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya halmashauri nzima, na nilikuwa nimevaa joho. Niko Kisesa hapa, nimekaa mgahawani, nimeagiza chai ambayo siinywi. Nawaandikia mapema kabla hamjaipata habari hii kwa mtu mwingine, maana najua itaongezwa chumvi.

Mnajua kwamba mimi ni diwani. (Wale mliosema sitashinda, bado nawakumbuka kwa majina.) Na mnajua kilichonifanya nigombee: lile korongo linalokata barabara kati ya kijiji chetu na zahanati. Kiangazi unalivuka na kandambili. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na sisi wa upande wa huku tunabaki kisiwani. Wifi yangu Leticia alijifungulia ukingoni mwake mwaka juzi, amezungushiwa kanga, mvua inamnyeshea yeye na mkunga. Mtoto tukamwita Kabula, jina wanalopewa wanaozaliwa wakati wa mvua. Sasa Leticia ana mimba ya miezi saba, na mvua za vuli haziko mbali. Kwenye kampeni nilimwambia mbele za watu, "Wifi, anayefuata utamzalia kitandani, zahanati." Hiyo ndiyo ahadi yangu kubwa. Zile nyingine nilizitoa kwa sababu maikrofoni ilikuwa bado mkononi.

Basi, wiki tatu zilizopita nikafanikiwa. Baada ya kupeleka barua mpaka karani wa masijala akanizoea, kamati ya ujenzi ya halmashauri ilikubali kuja kuliona korongo kwa macho yao, pamoja na mhandisi wa barabara. Nikampigia simu Mzee Masanja, mwenyekiti wetu wa kijiji.

"Shikamoo baba. Alhamisi tuna wageni. Wanakuja kukagua barabara."

"Marahaba mwanangu. Wangapi?"

"Magari mawili."

"Na watapita wapi hao, na balabala yenyewe ndiyo hiyo?"

Hapo ndipo akili yangu ilipotakiwa kufanya kazi. Jibu sahihi lilikuwa, "Wapite hapo hapo, wakwame." Lakini mimi nimelelewa. Kwetu mgeni akija unafagia uwanja hata kama unaumwa, na godoro zuri analalia yeye. Nikawaza wakubwa wa halmashauri, wengine watu wazima kabisa, washuke kwenye gari wavuke korongo suruali zimekunjwa magotini. Nikaona aibu kuliko wao watakavyoona. Nikasema, "Kweli baba. Tufanye kitu."

Tukafanya kitu. Filimbi ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, ililia alfajiri, kila kaya ikatoa mtu. Mikokoteni ya ng'ombe ikasomba mawe kutoka mlimani, kina mama tukabeba moramu, ule udongo wa changarawe, kwa karai. Mimi mwenyewe, mheshimiwa, nilibeba mawe kichwani mpaka shingo ikakataa kugeuka. Kwa siku mbili korongo likajaa, likashindiliwa kwa magogo, likawa uwanja. Kisha mtu akasema nyasi za pembeni zinatudhalilisha, zikafyekwa. Mwingine akaleta chokaa iliyobaki kanisani. Tukapanga mawe pande zote mbili za barabara, tukayapaka meupe, na moja kubwa tukaliandika KARIBUNI pamoja na jina la kata. (Wazo la chokaa lilikuwa langu. Nasema ukweli kwa sababu hakuna tena cha kuficha.) Ng'ombe wakazuiwa kupita mpaka wageni waondoke.

Alhamisi magari yalikuja yakiteleza taratibu, hakuna aliyetikisika. Mhandisi, kijana mpole mwenye miwani, akashuka mbele ya ofisi ya kijiji, akaangalia huku na huku.

"Korongo lenyewe liko wapi?"

Mzee Masanja akajibu kwa fahari, "Mmeshalipita."

Wageni wakacheka, sisi tukacheka, Mhandisi akaandika kitu kwenye daftari. Kwa jinsi alivyoandika kwa utulivu nikajua anaandika mazuri. Wakala ugali na sato wa kukaanga, wakasifia, wakaomba kupiga picha barabarani. Mimi nikasimama katikati kabisa, pale pale palipokuwa na korongo, nikanyoosha dole gumba. Walipoondoka tulipongezana mpaka mikono ikauma. Jumamosi ikapiga mvua moja ambayo hakuna aliyeitegemea, na kazi yetu yote ikaenda ziwani, mawe ya chokaa yakiwa mbele.

Cha ajabu ni kwamba hata hapo sikuunganisha mambo. Kichwani mwangu wageni walikuja, wakala, wakafurahi. Kilichobaki ni kalavati, kile kidaraja cha kupitisha maji chini ya barabara.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya baraza la madiwani. Nililinyoosha joho mwenyewe tangu jana, sikumwamini mtu. Ukumbini kuna viti vya nyuma vya wananchi wanaotaka kusikiliza, na huko walikuwa wamekaa Mzee Masanja na wifi yangu Leticia. Walivuka korongo asubuhi wameshika viatu mkononi, wakapanda bodaboda mpaka barabara kubwa. Leticia alisema anataka kusikia kwa masikio yake. Nilimpungia mkono kama mtu ambaye ameshashinda.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikapandisha mikono ya joho.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, barabara ile haipitiki hata na mbuzi."

Madiwani wakagonga meza. Nyie hamjawahi kugongewa meza, hamjui. Inapanda kichwani.

"Mbuzi wa kwetu wakifika pale wanageuka wanarudi nyumbani." Wakagonga tena. Nikaongeza sauti. "Wataalamu wetu walifika. Naomba waliambie baraza hili, waliona nini? Au walikuja wamefumba macho?"

(Swali hilo nililifanyia mazoezi mbele ya kioo siku tatu. Pale kwenye "wamefumba macho" nilikuwa nafumba ya kwangu.)

Mwenyekiti wa halmashauri, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akamgeukia Mhandisi. "Umeulizwa ulichoona."

Mhandisi akasimama, akasafisha miwani yake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nikionyeshe."

Ukutani ikatokea picha. Barabara safi, imenyooka, nyasi zimefyekwa, mawe meupe kulia na kushoto. Ukumbi ukanyamaza kwa heshima. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Hiyo ni ya kata jirani."

Diwani wa kata jirani hakuchelewa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi hatuna chokaa ya kuchezea."

Picha ya pili ilikuwa lile jiwe kubwa. KARIBUNI, na jina la kata yangu, kwa herufi za mkono wangu mwenyewe.

Picha ya tatu ilikuwa mimi. Ukuta mzima. Nimesimama katikati ya korongo lisiloonekana, nimenyoosha dole gumba, meno yote nje. Chini yake Mhandisi alikuwa ameandika: "Diwani akithibitisha hali ya barabara."

Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mkurugenzi wa halmashauri alijificha nyuma ya kabrasha, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mimi nilikuwa bado nimesimama, kwa sababu nilisahau jinsi ya kukaa.

Mhandisi hakucheka. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza. "Kwa hali hii, Mheshimiwa Diwani, kamati ilipendekeza barabara hii iondolewe kwenye orodha ya mwaka huu. Kalavati liende kwenye barabara mbaya zaidi."

Nikageuka nyuma. Leticia alikuwa hacheki. Alikuwa ananitazama, mkono mmoja juu ya tumbo, na pindo la gauni lake lilikuwa na tope mpaka magotini. Nawaambia kweli, kuchekwa kote kule hakukuniuma kama macho yale. Nilikuwa nimemtoa kwenye orodha kwa mikono yangu, kwa karai la moramu.

Hapo Mzee Masanja akasimama huko nyuma. Wananchi hawaruhusiwi kuzungumza barazani. Yeye hajui, au anajua na hajali.

"Waheshimiwa, mnamwonea bule huyu binti. Hiyo balabala tuliitengeneza sisi. Siku mbili tu. Na yeye alibeba mawe kichwani, mimi shahidi."

Alidhani ananitetea. Ukumbi ukaanza upya.

"Mzee, kaa chini," Mwenyekiti akasema. Kisha akanigeukia. "Mheshimiwa, ni kweli mlilifukia korongo?"

"Ni kweli, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Siku mbili kabla sisi hatujaja kuliona korongo hilo hilo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikasema lililokuwepo. "Tulisikia wageni wanakuja."

Hakucheka mtu. Nadhani kila mmoja mle ndani ana mama aliyewahi kumfanya apige deki nyumba nzima kwa sababu ya mgeni wa nusu saa. Diwani wa kata jirani, yule yule wa chokaa, akanyanyua mkono taratibu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, na mimi niseme. Mlipokuja shuleni kwetu, ule ukuta wenye ufa mlikuta tumeufunika na kitenge. Mkasema darasa limependeza." Akakaa haraka.

Nikaona mwanya nikauingia. Sikupandisha mikono ya joho safari hii. Nilisema mvua moja ilibeba kila kitu tulichojaza. Nilisema mwaka juzi mtoto alizaliwa ukingoni, na mama yake yuko nyuma pale, ana mwingine wa miezi saba, na tope mnaloliona kwenye gauni lake ni la asubuhi ya leo. Watu wakageuka. Leticia akaona aibu, akajaribu kulificha pindo chini ya kiti. (Familia yetu ina shida hiyo.)

Mhandisi alilitazama tope lile kwa muda. Akaomba kwa Mwenyekiti ruhusa ya kumuuliza mzee swali. Akaruhusiwa.

"Mzee, mlilijaza kwa siku mbili?"

"Mbili."

"Kwa mashine gani?"

"Mashine ya nini? Ng'ombe."

"Watu mliwalipaje?"

Mzee Masanja akamshangaa. "Tuwalipe? Kwani balabala ni ya nani?"

"Na nani aliwasimamia?"

Mzee akaninyooshea kidole, na safari hii nadhani alijua anachofanya.

Mhandisi akavua miwani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi huwa nazunguka vijijini naomba watu wajitolee angalau kusogeza mawe, sipati. Hawa wamejaza korongo bila kuombwa. Walichokosa ni njia ya maji chini yake tu, ndiyo maana mvua ikayabeba mawe yote. Mabomba ya zege tunayo uwanjani, yamebaki kutoka kazi nyingine. Kama wao watatoa mawe, moramu na watu kama walivyotoa, mimi nitaleta mabomba, saruji na fundi. Tunaweza kumaliza kabla ya vuli."

Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Meza ziligongwa mpaka glasi ya Mkurugenzi ikaanguka. Nami niligonga ya kwangu, kwa mikono miwili, huku natokwa na machozi kwenye joho nililolinyoosha jana. Barabara yetu imerudi kwenye orodha, na imeandikwa kwenye muhtasari.

"Ila nina sharti moja," Mhandisi akasema. "Jumatano nakuja kupima. Naomba, Mheshimiwa, nilikute korongo. Msifagie, msifyeke, msipake rangi. Nikikuta jiwe jeupe nageuza gari."

Wakacheka tena. Nikaapa mbele ya baraza kwamba hakuna atakayegusa hata jani.

Nje nilimfuata Leticia, nikamshika mkono, nikamwambia, "Wifi, nisamehe. Karibu nikuharibie." Akaanza kucheka, polepole, akishikilia tumbo. "Wifi, lakini ile picha umetoka vizuri." Tulicheka wote pale uwanjani mpaka Mzee Masanja akaja kuuliza kama hiyo Jumatano Mhandisi anakula kuku au samaki.

Sasa nasikia picha ya dole gumba imeshazunguka kwenye makundi ya simu, na kuna mmoja wenu hapa ameiweka kwenye wasifu wake, nimemwona. Sikatazi. Ila Mhandisi akishapima hiyo Jumatano, kazi inaanza Jumatatu inayofuata, saa moja asubuhi. Anayetaka kunicheka asinichekee mtandaoni, aje anichekee pale korongoni, sepetu mkononi.