Wiki Niliyoshika Pochi ya Jikoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa. Nimekabidhiwa pochi ya jikoni.

Yote yalianza kwenye chai ya asubuhi. Nilisema tu, kwa upole kabisa, kwamba vitunguu vilivyonunuliwa jana vingepatikana kwa bei ya chini kama angetumwa mtu anayejua kuongea na wauzaji. Mke wangu akaweka kikombe chini. Akaingia chumbani, akarudi na pochi, ile nyeusi yenye zipu iliyochoka, akaiweka juu ya sahani yangu. Akasema haya, bwana mjuzi, kuanzia leo hadi Jumapili mnunuzi ni wewe. Masharti yake: watu wale kila siku na washibe. Jumapili mama yake anakuja kula chakula cha mchana, kwa hiyo siku hiyo mezani kuwe na kitu cha kumpa mtu mzima heshima yake. Kitakachobaki ni changu, nikanunue kile kiti. Nikishindwa, pochi inarudi kwake, na mimi sifungui tena mdomo kuhusu bei ya kitunguu mpaka naingia kaburini.

Nilikubali kabla hajamaliza. Kitinda mimba wetu, mtoto wa darasa la kwanza mwenye ulimi wa wakili, akauliza kama tutakufa njaa. Nikamwambia atanenepa.

Kiti chenyewe kiko kwa seremala, njia ya kwenda kazini kwangu. Kina mgongo wa kuegemea na mikono mipana ya kutosha kuweka kikombe cha chai. Nimeshakikalia mara nyingi hata seremala hanikaribishi tena, ananipisha tu. Leo kasema kuna mwalimu anakitolea macho, lakini atanitunzia hadi Jumatatu ijayo. Nyumbani mimi hukalia stuli ya cherehani, mke wangu akiinuka. Anashona sare za shule hapo barazani, kwa hiyo hainuki ovyo. Karani wa idara ya maji, mtu wa umri wangu, anastahili kuegemea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkakati wa kwanza: kwenda sokoni jioni, wauzaji wakiwa wanakusanya virago. Saa hiyo hakuna anayetaka kurudi na nyanya nyumbani.

Nani nilimkuta? Jirani yetu wa ukuta mmoja. Mstaafu wa bohari. Mimi humwita Birika, kwa sababu mkono wake ni wa birika kweli kweli. Akimenya kiazi, ganda lake unaweza kusomea gazeti. Mtaa mzima unamsifu kwa kubana matumizi, hata mke wangu, jambo ambalo huniuma. Tulipoonana, kila mmoja alijifanya anapita tu.

Nikamtazama anavyofanya kazi. Habishani bei. Anasimama mbele ya fungu na kulitazama kwa huzuni, kama mtu aliyekuja kuaga, mpaka mwuzaji anachoka na kumwambia chukua, mzee, niende zangu. Nami nikasimama kwenye fungu la pili, nikatazama kwa huzuni. Mwuzaji wangu akaniuliza kama naumwa. Akanisogezea kiti nikae, kisha akaniuzia kwa bei ya asubuhi.

Nyanya zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Nilizitia kwenye mkoba wa kazini, na nilipofika nyumbani zilikuwa rojo, pamoja na barua za wateja wanaolalamikia mabomba yanayovuja. Mke wangu akachuja rojo, akapika. Mboga ilikuwa tamu, ingawa nilikuta kibanio cha karatasi kwenye sahani yangu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ushindi!

Mwenye duka la kona aliniita pembeni. Akachungulia kushoto na kulia, akanipeleka stoo. Gunia zima la maharage, nusu bei. Akasema anamwonyesha mteja mmoja tu, mtu anayeelewa mambo, akanitajia na cheo changu. Nikavimba kichwa, nakiri. Maharage hayaozi, maharage hushibisha, maharage huliwa asubuhi, mchana na jioni. Kwa gunia hili nitailisha familia hadi Jumapili na miezi ya mbele. Nilimwachia karibu yote yaliyokuwa kwenye pochi. Mwenye mkokoteni akanifikishia gunia mlangoni nikitembea mbele yake kama bwana harusi. Nilihakikisha Birika ananiona. Aliniona. Akavua kofia, akalitazama gunia kwa muda, akaingia ndani na kufunga mlango. Wivu huo.

Mke wangu alitumbukiza mkono guniani, akayapitisha maharage vidoleni. Akauliza yana umri gani. Nikasema maharage hayaulizwi umri. Akarudi kwenye cherehani akiimba kwa pua. Huwa siupendi huo wimbo wa pua. Baadaye nilimsikia akimpigia mama yake simu na kucheka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maharage yalibandikwa alfajiri. Nilipotoka kwenda kazini yalikuwa yanachemka vizuri. Mchana nikaomba ruhusa, nikakimbia nyumbani kuyaangalia. Bado. Mke wangu alikuwa akiongeza maji bila kuinua macho kwenye kola anayoshona. Nikabeba machache kwenye kibakuli, nikarudi nayo ofisini, nikayala mezani kwangu huku nikiwahubiria wenzangu habari ya kubana matumizi. Mtunza stoo akauliza nani anatafuna kokoto.

Jioni bado. Nikayakoroga. Nikayafunika, nikayafunua. Nikayasema kidogo. Kisha moto ukawa wa bluu hafifu, ukapiga kikohozi, ukazimika. Mtungi wa gesi, ambao kwa kawaida hutufikisha mwisho wa mwezi, ulikuwa mtupu.

Tulijaribu kula hivyo hivyo. Kitinda mimba akatafuna mara moja, akatoa jino mkononi. Lilikuwa jino la utoto na lilikuwa linacheza tangu wiki iliyopita. Naandika hapa kwa kumbukumbu, maana hadithi anayoisimulia yeye ni nyingine.

Mtungi mpya umekula yote yaliyobaki kwenye pochi. Tumelala na mkate na chai. Nimepiga hesabu kichwani mara kadhaa, na kila mara inaonekana kwamba maharage ya bei nafuu ndiyo chakula ghali kuliko vyote tulivyowahi kupika. Kuna mahali nakosea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeweka kiburi pembeni, nimekwenda kwa Birika. Sikusema ni mimi. Nilimwuliza kwa mzunguko: tuseme kuna mtu, rafiki yangu wa ofisini, ana maharage yasiyoiva. Birika akaniuliza kama gunia la huyo rafiki limeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Nikasema sijui. Akasema aah. Akanishauri, yaani akamshauri rafiki, ayaloweke kwenye maji ya magadi.

Nikayaloweka. Yakatoa povu. Yakabadilika rangi. Yakanuka sabuni. Hayakulainika. Sufuria sasa inang'aa kuliko siku tuliyoinunua, kwa hiyo si hasara tupu.

Nikamrudia mwenye duka, nimekunja uso. Akanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikakigusa. Rangi ikabaki kwenye kidole changu. Nikamwambia kibao hiki kimeandikwa leo. Akasema ndiyo, alikiandika aliponiona navuka barabara. Akaniambia kwa moyo mweupe kwamba safari ya kwanza alikubali kulipokea gunia hili likirudi, na likalala stoo mwaka mzima. Hawezi tena. Nikamwuliza nani alilirudisha. Akasema siri ya mteja ni siri ya mteja, ila mtu huyo alivaa kofia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Birika! Alijua tangu Jumatano. Alisimama mlangoni akaliona gunia lake la zamani likipita kwa maandamano, akavua kofia kama mtu anayepisha jeneza.

Lakini hasira si chakula, na kesho mama mkwe anakuja. Pochi haina kitu, na tangu juzi tunakula mkate wa kukopa na chai. Nikiomba kwa mke wangu, nimeshindwa, kiti kwaheri, na mdomo wangu unafungwa milele. Kinachoniuma zaidi ni huyo mama. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitolea neno baya. Nitamwekea nini mbele yake? Nimeona aibu mapema, peke yangu, nikiwa nimesimama jikoni.

Mkakati wa mwisho. Nikaenda kwa Birika, nikajitia hamnazo kuhusu uzi mwekundu. Nikamwambia mama mkwe wangu amesikia sifa zake mpaka kwao, na anatamani sana kuona jiko la mtu anayejua kubana matumizi. Nikapendekeza kwamba kesho, badala ya kumchosha mgeni kwa maneno, tuje sote tule kwake.

Birika alifurahi mno. Alitoa leso akafuta jicho. Akasema heshima kama hiyo hawezi kuiacha ipite. Halafu akasema, kwa kuwa mgeni ni wangu, si adabu yeye amhamishe kwenye nyumba aliyokuja kuitembelea. Atakuja yeye kwetu. Atakuja mapema. Hatakunywa chai asubuhi, ili asituvunje moyo.

Nilikwenda kutafuta chakula nikarudi na mlaji. Mke wangu anashona na kuimba kwa pua. Sikumwambia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Birika alifika wa kwanza. Nami nilikuwa tayari kusema ukweli. Nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa kazi hiyo.

Mama mkwe akashuka kwenye gari la kukodi na vikapu. Kuku. Mchele. Mboga za majani, ndizi, mafuta ya kupikia, hata chumvi. Nikampokea mizigo, nikamwamkia kwa kuinama, nikashindwa kuinuka haraka. Akaniambia mwanangu, mke wako alinipigia Jumatano, akasema umenunua gunia, nisije mikono mitupu. Kumbe simu ile! Mke wangu alijua tangu alipoingiza mkono guniani, na akaniacha siku nne nipigane na sufuria. Nikamtazama. Akawa anamtazama kuku.

Tulikula tukashiba. Birika alikula sahani baada ya sahani, akafunga mifupa kwenye karatasi kwa ajili ya supu yake ya kesho. Kisha mama mkwe akataka kuliona hilo gunia. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akacheka, akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga yake. Akasema maharage haya ni ya zamani mno, hayataiva hata yapikwe na serikali. Birika akaitikia kwamba hata kwake yalikataa, kisha akashtukia alichokisema, akawa anachunguza kofia yake. Nilimwona na nikamsamehe, maana katika meza ile tulikuwa wajinga wawili, na upweke ukanitoka.

Mama mkwe akaomba pazia kuukuu. Mama na binti wakakaa kwenye cherehani, mmoja anakata, mwingine anashona, wakizungumza chini chini na kucheka. Wakatoa mfuko mkubwa wa bluu wenye maua. Wakamimina maharage yote, wakaufunga mdomo, wakauburuta hadi pembeni ya dirisha. Mama mkwe akasema mkwe wangu, kaa.

Nikakaa. Ukanipokea! Ukashuka, ukainuka mgongoni, ukanishika kiuno pande zote. Kile cha seremala hakijawahi kunifanyia hivyo. Kitinda mimba akanirukia tumboni. Mke wangu akaja, akanyoosha mkono, nikampa pochi bila kuambiwa. Akasema bei ya vitunguu nimeisikia kwako kwa mara ya mwisho. Lakini aliacha mkono wake begani kwangu, akacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha, sina sababu ya kuficha.

Birika akaomba naye ajaribu kukaa, kidogo tu. Tulimtoa kwa kumvuta wawili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimepitia kwa seremala nikamwambia amuuzie mwalimu. Ukitazama vizuri, nimeokoa bei nzima ya kiti. Wiki ilifanikiwa. Sijui kwa nini nyumbani inasimuliwa kama ilishindikana.

Kasoro moja ndogo. Jioni hii nikiwa nimekaa, nasikia mkwaruzo chini yangu. Mke wangu anasema ni fukusi, wanayala maharage, na kabla ya mwezi kuisha nitakuwa nimekalia unga. Mimi nasema kiti kinajiweka sawa. Kimeshuka kidogo tu.

Kinachokosekana ni mahali pa kuweka kikombe. Na leo asubuhi, kama kwa kupangwa, mwenye duka aliniita stoo. Gunia la sukari. Lilipata maji, likakauka, sasa limeganda likawa gumu kama jiwe, bapa juu, kimo kile kile cha meza ndogo ya chai. Nusu bei. Na meza hiyo, ukiichoka, unaibanduabandua na kuitia kwenye kikombe! Birika alikuwa ameshaweka kofia yake juu yake. Nikamwahi. Nimelipa kwa nauli yangu ya wiki nzima, maana pochi sinayo, na kutembea kwa miguu ni afya. Kuhusu vitunguu sikusema lolote, kwa hiyo ahadi yangu iko palepale.

Kwa sasa nimelificha ofisini chini ya meza yangu, hadi nipate namna ya kumweleza mke wangu. Sisimizi walishafika kabla ya chai ya saa nne, mstari mrefu kutoka mlangoni. Wenzangu wanalalamika. Mimi nimetulia, maana sasa najua kwa hakika kwamba ni sukari ya kweli.