Lusenge na Matundu ya Kinanda

Sogeeni, enyi watu wa Butembo, nanyi wa Beni mliokuja na vumbi la safari nguoni! Zimeni simu, msikie habari za Lusenge, mshona viatu wa Rughenda, bwana wa gundi, mbabe wa sindano, aliyepigana siku tatu na kinanda kinachojipiga chenyewe!

Kinanda hicho kilikuwa cha kale, mali ya parokia. Ukikanyaga pedali zake, karatasi ndefu huzunguka tumboni mwake, na vitufe hubonyea bila kidole cha mtu. Lusenge alimwahidi bintiye Kanyere kwamba Jumamosi ataingia kanisani kuolewa kwa sauti ya kinanda hicho. Wakwe wa Beni nao walikuwa wanaleta chao cha umeme, kinachojipiga kwa amri ya simu. Cha mzee kikinyamaza, chao kitashika zamu, na mzee ataficha wapi uso wake?

Basi Alhamisi shujaa akaikunjua karatasi aikague. Lo! Ina matundu mamia kwa mamia!

"Ninyi bamende!" akawangurumia mende asiowaona. "Munakula muziki ya mutoto wangu? Leo mutanijua!"

Akapika gundi ya unga wa muhogo, akaziba tundu la kwanza, la mia, la elfu, mgongo ukimuuma, hata lisisalie hata moja. Ijumaa asubuhi akakanyaga pedali kwa kishindo cha majeshi. Kinanda kikahema tu, kimya.

Kanyere akainama, akatazama. "Papa, ile matundu njo ilikuwa wimbo. Upepo inapita mule, kitufe inashuka."

Yesu Maria! Aibu ilimchoma Lusenge mpaka masikioni. "Mutoto wangu," akasema, "mimi njo nilifunga, mimi njo nitafungua!"

Akashika kitambaa kibichi na sindano ya viatu, akabandua kiraka kwa kiraka, mchana kutwa bila kula. Kwenye kiraka cha mwisho sindano ikateleza, ikatoboa tundu jipya, na gundi ilikuwa imekwisha.

Jumamosi akakanyaga. Wimbo ukafurika kanisani, Kanyere akaingia akilia na kucheka, na ulipokwisha wimbo, wote wakinyamaza, kikalia kitufe kimoja cha juu: ting! Kanisa zima likapiga vigelegele.

Éphraïm, baba wa bwana harusi, akamwendea Lusenge na simu mkononi. "Papa Lusenge, tafazali, ile ting ya mwisho, ya kwetu hapana ikonayo. Utuonyeshe namna ya kuiweka."

Lusenge akajinyoosha mgongo wake mbovu. Iandikwe basi, na wajukuu wasomewe: siku ile Beni iliomba, na Butembo ikakubali.