Meza ya Masijala Yaifuata Suruali

Sogeeni, enyi mlionusurika na foleni za ofisi na fomu za nakala tatu. Zimeni redio, funikeni sufuria, mtulie. Nawasimulia habari za Karani wa Masijala, Mlinzi wa Muhuri, Simba wa Mafaili, ambaye kwa miaka kumi na minane barua haikupita mlangoni mwake bila kuonja kishindo cha mkono wake. Mashujaa wengine waliteka ngome. Huyu wetu alitekwa na chumba kimoja, nacho kilikuwa chake mwenyewe.

Ilikuwa tarehe tatu, zama za ule ugonjwa uliotuvika barakoa wakubwa kwa wadogo. Asubuhi Karani aligeuza gurudumu la tarehe kwenye muhuri wake, kama alivyofanya kila siku ya kazi; saa sita ikaja habari kwamba mhasibu aliyeketi karibu naye ameugua. Amri kwa watumishi wa umma ilikuwa kali kama pilipili kichaa: siku kumi na nne ndani, asitoke mtu, kisitoke kitu. Shujaa akafunga droo, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kujifungia chumba cha uani. Kesho yake mkewe akajifungua binti, mtoto wao wa kwanza baada ya kungoja miaka tisa, na baba mtu akamwona dirishani tu, amefunikwa gubigubi, pua peke yake ikionekana. Tangu hapo alimjua mwanawe kwa kwikwi zilizopenya ukutani. Mlango ulilindwa na mama mkwe, ambaye hata nzi alimhoji.

"Mama, nimshike dakika moja tu," Karani aliomba siku ya tano.

"Baba, hata mimi roho inaniuma," mama mkwe akajibu. "Lakini karatasi imesema kumi na nne. Lete karatasi nyingine."

Basi tarehe kumi na moja karatasi nyingine ikashuka kutoka makao makuu. Wakubwa walikuwa wamelegeza kamba: karantini ya watumishi sasa ni siku saba. Sisi wenzake ofisini tukashangilia hadi glasi zikalia kabatini. Kisha Mkurugenzi wetu akasoma mstari wa chini: waraka hautatumika katika ofisi yoyote kabla ya kugongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri umo ndani ya droo. Droo imefungwa. Ufunguo umo mfukoni mwa suruali, suruali imo karantini, na kitu cha karantini hakitoki. Kuvunja droo nako ni kuharibu mali ya umma.

Hapo Mkurugenzi, jemadari asiyeogopa chochote isipokuwa kikohozi, akanena: "Kama ufunguo hauwezi kuifuata meza, meza itaufuata ufunguo."

Meza ikapanda gari la ofisi. Dereva akapiga honi njia nzima, watu wakatoka madukani wakidhani kuna mtu anahama, nami msimulizi wenu nilikuwa nyuma, nimekumbatia mguu wa kushoto. Tukaitua chini ya dirisha la uani, katikati ya bustani ya mboga ya mama mkwe. Alihesabu miche iliyolala, akaisamehe serikali.

Mkurugenzi akasimama hatua kumi nyuma, akapaza sauti. "Ewe Mlinzi wa Muhuri, watumishi wote wanautazama mkono wako. Gonga, tuwe huru."

"Mheshimiwa," akajibu Karani kupitia nondo, "mkono huu haujawahi kukawia mbele ya barua. Leo unakawia, maana nyuma yako namwona mwanangu."

Kweli mkewe alikuwa amesimama pale, mtoto begani. Mkurugenzi akainamisha kichwa.

"Ndugu yangu, kuna jambo. Waraka unawahusu walioingia karantini kuanzia tarehe ya muhuri. Wewe uliingia kabla. Itabidi umalize kumi na nne zako."

Siku tano zaidi. Mke akageuza uso, nami nikatazama miche. Niliona uchungu kama mtoto ni wangu.

"Kazi ni kazi," akasema shujaa kwa sauti ndogo. Akapenyeza mkono kati ya nondo, akafungua droo, akautoa muhuri, akaukandamiza kwenye kidau cha wino mara moja, mara mbili. Akaunyanyua juu, majirani wakaacha kutafuna, akaushusha. Gu.

Mkurugenzi akauokota waraka kwa ncha za vidole, akasoma, akasoma tena. "Imepokelewa," akasema polepole. "Tarehe tatu."

Kwani nani angeligeuza gurudumu siku zote hizo, ufunguo ukiwa kifungoni? Kama shujaa wetu alisahau, au alikumbuka kusahau, mimi sijui. Nilipomuuliza baadaye aliniuliza hali ya watoto wangu.

"Tufute, tugonge upya?" akauliza Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, miaka kumi na minane sijaona muhuri wa serikali ukifutwa."

Mtoto akashikwa na kwikwi. Mkurugenzi akamtazama.

"Wala mimi sijaona," akasema. "Na aliyeingia tarehe tatu alimaliza juzi."

Mama mkwe hakungoja hotuba. Aliusoma waraka mwenyewe, neno kwa neno, kisha akafungua mlango. "Toka, baba. Ila nawa kwanza."

Shujaa akanawa hadi viwikoni, lakini wino wa masijala hauogopi sabuni. Akampokea binti yake kwa mikono miwili, akamkumbatia, akalia bila kujificha, na dole gumba lake likaacha alama ya zambarau kwenye paji la uso la mtoto. Mama mkwe akafoka, mke akacheka mpaka akakaa chini, sisi tukapiga makofi juu ya mboga za watu.

Basi na iandikwe katika mafaili ya vizazi, nakala tatu: tarehe kumi na moja, saa nane mchana, mtoto alipokelewa, na muhuri ukagongwa.