Chipu Isiyokula Umeme

Jumatatu, 3 Machi

Kikao asubuhi. Bosi, mama mwenye sauti ya chini inayotisha kuliko kelele, ametangaza kwamba chipu yetu inakula umeme kupita kiasi. Prosesa ya kawaida hushughulika na namba moja moja. Yetu ni ya vekta: inabeba safu nzima ya namba, inaigawa kwenye njia nane, zote zinapiga hesabu ileile kwa pamoja. Hayo nayajua. Nisichoelewa ni vipi kitu ambacho bado ni michoro kwenye kompyuta kilaumiwe kwa ulaji.

Atakayeupunguza ndiye atakayeiwasilisha kwa wateja Ijumaa, watu wa mashine za kupiga picha za hospitali. Baada ya hapo michoro inakwenda kiwandani, na ikishakwenda hairudi. Miwani, jirani yangu wa meza, alijifanya anaandika. Namjua. Anautaka uongozi wa mradi. Nami nimeshamwambia mama mkwe kuwa ni wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeongeza njia ziwe kumi na sita. Wafanyakazi wakiwa wengi kazi inakwisha mapema, wote wanakwenda kwao, umeme unazimwa. Nani atapinga?

Kompyuta inayoiga chipu imepinga. Kasi ileile. Umeme umepanda. Nimerudia jaribio. Nimezima, nimewasha. Nimebadilisha kiti. Vilevile. Miwani akapita, akaniambia kumbukumbu, yaani ghala la namba, inazileta kwa mwendo uleule wa zamani, kwa hiyo nusu ya njia zinafanya kazi na nusu zinakaa kungoja, tena zinangoja huku zinakula. Nimemjibu kwamba nilikuwa najua, nilitaka tu kuona kama naye anajua.

Jumatano, 5 Machi

Bahati! Nimemsikia Miwani akiongea kwenye simu nyuma ya kabati. Alikuwa anasema njia isiyo na kazi ilazwe, izimwe kabisa, ikipata kazi iamshwe. Akaanza kueleza itaamshwaje, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka mbio.

Nimerudisha njia nane, nikaziagiza hivi: kila njia ijiangalie yenyewe. Ikiona haina kazi, ilale. Ikipata kazi, iseme, iamshwe. Nikajaribu. Umeme ukashuka hadi karibu na sifuri. Nilidhani kompyuta imechanganyikiwa. Nikajaribu tena. Ukashuka zaidi.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akauliza kama chipu inafanya kazi. Nikasema umeme umeshuka. Akauliza tena. Ni mwalimu, ana mazoea ya kurudia maswali. Mama mkwe yeye alifurahi sana, akaniletea redio yake niitengeneze.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani ana kijicho. Ameona umeme wangu ulivyoshuka, akaomba aone na majibu ya hesabu. Nikamwambia majibu ni siri. Basi, akasema, kesho kabla wateja hawajafika ataipitisha chipu yangu kwenye kompyuta ya ukaguzi. Ikabidi nifikiri haraka. Nikamnong'oneza fundi anayesimamia ukaguzi kwamba Miwani anaumwa ila hataki watu wajue, kwa hiyo amwonee huruma, asimpe nafasi.

Fundi yule hana kifua. Hata chai ya saa nne haijapoa, ofisi nzima ilikuwa inampa Miwani pole. Mhasibu akamletea machungwa. Miwani akawa anauliza pole ya nini, wanamjibu ajikaze. Mchana nikamwona anajishika paji la uso. Bosi akamwamuru aende nyumbani akapumzike. Akaenda, tena taratibu, ameegemea ukuta. Sasa sielewi. Anaumwa kweli?

Ijumaa, 7 Machi

Wateja walikuwa wawili, daktari wa picha na mhandisi wao. Nikaanza na umeme. Mhandisi akasogeza kiti karibu. Bosi akatabasamu, jambo ambalo sijawahi kuliona, nikasahau nilipofikia. Daktari akasema vizuri sana, sasa chipu imtengenezee picha ya kifua kutokana na namba za mgonjwa alizokuja nazo. Nikabonyeza. Kioo cheusi. Tukangoja. Kikabaki cheusi.

"Hiyo ni nini?" daktari akauliza.

"Mgonjwa huyu hana tatizo lolote," nikasema.

"Hana mapafu," akasema daktari.

Bosi akafungua majibu ya hesabu mbele ya wote. Sifuri. Kila mstari sifuri. Akampigia Miwani, akaongeza sauti ya simu ili tusikie. Miwani aliongea kwa unyonge, kama mtu aliyejifunika blanketi, lakini alieleza: njia iliyolala haiwezi kusema imepata kazi, maana imelala. Kinachogawa kazi ndicho kiziamshe. Mhandisi wa wateja akatikisa kichwa kukubali. Wakasema watangoja wiki moja, mgonjwa wa kwenye simu apate nafuu, amalize yeye.

Mimi nikaitwa pembeni. Bosi akasema, kwa ile sauti, kwamba kuanzia leo nitaandika kitabu cha maelekezo ya chipu, na chipu yenyewe nisiiguse. Nikamuuliza kama huko ni kupandishwa cheo. Akanifungulia mlango. Nimemtafakari njia nzima ya kwenda nyumbani, sijamwelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani nimewaambia nimepandishwa. Nimeyapitia yote kwa makini na nimeona kosa lilipo: daktari alichagua picha ngumu. Angekuja na picha ya mkono.

Hayo yamepita. Nimeshika kazi mpya. Rasimu ya kitabu niliyopewa ni nene kama tofali. Nani ana muda huo? Nimeanza kufuta kila ukurasa ambao sikuuelewa, maana nisichokielewa mimi, msomaji atakielewaje? Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa kimepungua vizuri. Baada ya chakula nimepunguza tena. Sasa limebaki jalada na ukurasa wa shukrani. Sijawahi kuona kitabu chepesi namna hii. Jumatatu nakipeleka kwa Bosi mwenyewe, mkononi, kabla mtu mwingine hajakiona. Safari hii atakosa la kusema.