Pini ya Fimbo Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimefungwa tena! Jana, hapa hapa Kibaha, mbele ya ofisi nzima. Aliyenifunga ni Mudathir wa Kisarawe, kaka wa mke wangu. Mpira mweusi ulikuwa mdomoni mwa shimo, hata kuupuliza ungeingia. Nikaingiza mweupe. Mudathir akaniambia pole shemeji, kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani.

Leo Elinipa, nahodha wa timu yetu ya pool, amenifuata masjala. Jumapili tunarudiana kwao. Nikifungwa tena, nafasi yangu anachukua Rukaya. Rukaya! Tunapanga naye mafaili meza moja! Miaka sita niko kwenye timu hii, jina langu, DULLA, limeandikwa mgongoni mwa jezi. Chakula cha mchana kimenishinda.

Kosa si langu. Ni fimbo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeipeleka fimbo kwa Jabiri, fundi wa kukereza vyuma pale Maili Moja. Ni fimbo ya vipande viwili, katikati inaungwa kwa pini yenye uzi kama bolti. Jabiri ameilaza juu ya kidole kimoja, akafumba jicho. Amesema uzito umelalia nyuma kwa sababu pini ni ya alumini, nyepesi mno. Ya chuma itausogeza mbele. Ya shaba itausogeza zaidi kidogo.

Nikachagua shaba. Jabiri akauliza kama nimewahi kujaribu kufanya mazoezi. Fundi mzuri, ila anaongea sana.

Jumatano, 6 Agosti
Shaba imekubali! Fimbo imetulia mkononi. Nimeingiza mipira minne mfululizo. Mitatu, kusema kweli, mmoja ulijiingiza wenyewe. Nimemwonyesha Rukaya pini. Amesema nzuri, akarudi kwenye mafaili. Wivu tu.

Jioni Biubwa, mke wangu, akimenya viazi, akanieleza jambo alilopaswa kunieleza tangu tulipooana. Kwao Kisarawe, kabla ya mchezo, mgeni na mwenyeji hubadilishana fimbo. Zamani watu walituhumiana kutia dawa kwenye fimbo, ugomvi ukawa kila wiki, wakaamua hivyo.

Yaani nimemtengenezea Mudathir fimbo!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimewaza siku nzima. Faili la kiwanja nimelipeleka kwenye likizo za uzazi. Mchana nikapata jibu, nikacheka peke yangu mpaka Rukaya akahamisha kiti.

Kama fimbo yangu ataichezea yeye, basi na iwe mbovu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Ofisi imefungwa, Jabiri hajafunga. Nimemwomba pini ya plastiki. Amenitaka nirudie. Nikarudia. Akasema hana plastiki nene kiasi hicho, nami nikatoa kwenye mfuko niliobeba kibao cha plastiki cha Biubwa cha kukatia nyama.

Matokeo ni mazuri mno. Mkia mzito, ncha inaelea, kiungo kinacheza, na ukigonga mpira fimbo inalia kama mlango uliokosa mafuta. Haifai kabisa!

Biubwa anatafuta kibao chake. Nimemsaidia kutafuta.

Jumapili, 10 Agosti
Kisarawe.

Tumepokelewa kwa pilau. Atakayetangulia kushinda michezo mitatu ndiye mshindi. Ukafika wakati wa kubadilishana, nikamkabidhi Mudathir fimbo kwa mikono miwili. Akarudi nyuma! Akatangaza kwamba kubadilishana ni kwa watu wasioaminiana, na mimi ni mkwe wao. Kunipokonya fimbo yangu ni kunishuku, na baba yake hatamsamehe. Nikasisitiza. Nikamsihi. Nikamwambia mila ni mila, tusiziharibu kwa ajili yangu. Watu wakanipigia makofi kwa unyenyekevu wangu. Mama mmoja akasema Biubwa amepata mume.

Nikacheza na fimbo yangu.

Mchezo wa kwanza, mpira uliruka meza ukatua kwenye bakuli la kachumbari. Nikafungwa. Mchezo wa pili, mpira ulikuwa umesimama wazi mbele yangu. Nikavuta pumzi, nikapiga, pini ikakatika. Nusu ya fimbo ilibaki mezani, mimi nimeshika mkia. Nikafungwa tena.

Elinipa akamwita Rukaya kwa kidole achukue nafasi yangu.

Rukaya hana hata fimbo. Alichomoa moja ukutani, ya ukumbi, imepinda kama ndizi. Akamfunga Mudathir mitatu mfululizo. Kibaha tumeshinda! Wenzangu wakambeba juu juu. Na mimi nilishangilia, lakini iliniuma, tena sana.

Jumatatu, 11 Agosti
Elinipa amekuja masjala kuchukua jezi. Nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi. Rukaya akainamia mafaili akajifanya haoni. Alipoondoka Elinipa, akaniambia kila siku baada ya kazi yeye hufanya mazoezi saa nzima, nikitaka niungane naye, tutaanza na mipira ya karibu.

Nimemshukuru. Mazoezi! Anadhani mimi sina macho. Ile fimbo niliiangalia vizuri jana, mchezo mzima, na siri nimeiona.

Mchana nimepita kwa Jabiri na fimbo yangu, aniwekee pini nyingine kisha aipinde. Ameniuliza ipinde kiasi gani. Nimemwambia kama ya Rukaya, izidi kidogo.