Maua Sita kwa Afisa wa Forodha

Jumanne, 5 Machi

Unga wa mofini kutoka Uswisi bado umekwama kwenye ghala la forodha hapa bandari ya Varna. Bila unga huo maabara ya mjini haiwezi kututengenezea matone ya kutuliza maumivu, na yaliyobaki katika nyumba hii ya wagonjwa wasiopona hayafiki wiki ijayo. Mimi nina saratani ya mifupa. Kapteni Velichko, wa kitanda cha pili, ana ya kongosho. Yeye ndiye anayeumia zaidi.

Tatizo ni uzani. Kibali kimehesabu mofini tupu. Ankara imepima mofini pamoja na chumvi na maji yake. Unga uleule, namba mbili. Radostina, wakala wetu wa forodha, ameomba barua ya ufafanuzi kutoka wizarani, mji mkuu Sofia. Kaniambia, "Mzee Zhelyazko, wewe kunywa chai. Simu usiiguse."

Kazi hiyo nilimfundisha mimi! Chai!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeigusa simu. Nilimpigia afisa Kapralova, anayeshikilia mzigo, nikajitambulisha kuwa mkurugenzi kutoka Sofia. Sauti nzito, nzuri. Akauliza namba ya kibali. Nikaitaja bila kusita. Kumbe ni ya kibali cha enzi zangu, kilichotolewa na serikali ya wakomunisti.

Radostina kaja koti halijafungwa vifungo. Kasema barua ya Sofia ilikuwa imeshafika. Mzigo ungetoka leo. Sasa faili lina vibali viwili, kimoja cha serikali iliyokwisha kufa, na kila kitu kinakaguliwa upya. Muuguzi Sevda amepunguza matone kwa nusu. Kapteni hakuuliza kwa nini. Afadhali angeuliza.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake! Afisa gani atakataa maua leo? Nimeagiza tulipu saba nyekundu. Zililetwa kwanza hapa ili niandike kadi mwenyewe. Fupi, yenye heshima: "Tunakusubiri. Wagonjwa wa chumba cha nne." Ua moja nikalichomoa, nikampa Sevda. Akatabasamu. Mengine yakaenda bandarini kwa teksi. Najisikia kijana.

Jumamosi, 9 Machi

Polisi wawili chumbani. Kapralova kapokea maua sita. Sita! Huku kwetu mtu hai hupewa maua ya witiri: moja, matatu, saba. Mawili, manne, sita hupelekwa makaburini. Mtu anayelinda mofini kaletewa maua ya maiti, na kadi ya kumwambia anasubiriwa. Mzigo umepigwa lakiri ya polisi.

Kapteni alisikia yote. Alikuwa amejikunja akiangalia ukuta tangu alfajiri.

"Zhelyazko," akasema, "umempelekea mama wa watu maua ya kaburini, halafu ukamwambia unamsubiri?"

Nikakubali. Akacheka. Kicheko kikamkata pumzi, akashika chuma cha kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe. Sijawahi kuona mtu akiadhibiwa hivyo kwa kucheka. Nikamwambia Sevda matone yangu ya jioni ampe yeye, mimi siumwi leo. Uongo. Nauungama hapa, maana kwa padri sitafika.

Jumapili, 10 Machi

Kalamu haishikiki. Kapteni kamwita mama yake.

Jumatatu, 11 Machi

Radostina alipita kwa Sevda, akalitoa lile ua la tulipu kwenye glasi, limeshainama shingo. Akalipeleka bandarini na kuliweka mezani kwa Kapralova. Kamwambia, "Hili ndilo la saba. Aliyelichomoa ni kizee anayekufa, na bado anatongoza wauguzi." Eti Kapralova akawapigia polisi waje kuondoa lakiri yao. Barua ya Sofia ikamalizia.

Matone yamefika jioni. Kapteni amelala mdomo wazi, mkono umeachia chuma. Nimemsikiliza akikoroma kama mtu anayesikiliza redio. Radostina kaniapisha kwamba sitaingilia tena. Nimeapa.

Lakini tuseme kweli: ghala lilifunguliwa na nini? Maua yangu! Barua haijawahi kumlainisha afisa yeyote. Mzigo mwingine unakuja Mei. Kama bado nipo, Kapralova atapata waridi. Nimeshampigia muuza maua na safari hii nimekuwa mwangalifu, nimerudia hesabu mara mbili: tisa kamili.

Moja ni la Sevda.